Kiti Nilipanda, Ila Saa Sikuvunja

Nianze na shemeji yangu. Shemeji, Mungu anakuona. Ile picha uliyoirusha kwenye grupu la ukoo, halafu la jumuiya, halafu (hapa ndipo uliponimaliza) la kikoba cha mama yangu mzazi, haisemi yote. Ndiyo, aliyesimama juu ya kiti na shati la kitenge ni mimi. Ndiyo, nilichoshika ni saa ya ukutani ya watu. Lakini kuvunja sikuvunja, na polisi hawakuja. Ninyi wengine vuteni kigoda niwape kisa chenyewe kabla hakijafika Rombo kikiwa na maiti ndani yake.

Desemba ya Mchaga mnaijua. Ikifika tarehe 20 kila mwenye miguu anapanda kwenda Moshi kuhesabiwa. Mwaka huu mke wangu alikuwa Addis Ababa kwenye mafunzo ya kazi ya wiki tatu, mpaka tarehe 30. Nikasema familia ni moja, nikabeba watoto watatu tukamfuata. Kosa langu la kwanza ni kuandika grupuni: "Krismasi hii tunaila ughaibuni." Mama akajibu neno moja: "Sawa." Wenye mama wa Kichaga mnaielewa hiyo sawa.

Sasa, msomi mimi, kitu ambacho sikujisumbua kukiuliza ni kwamba Waorthodoksi wa Ethiopia wanasherehekea Krismasi tarehe 7 Januari. Tarehe 25 Desemba inaangukia katikati ya mfungo wao wa siku 43. Hakuna nyama, hakuna yai, hakuna maziwa, hata siagi hakuna. Alhamisi yetu tukufu kwao ilikuwa siku ya kazi kama Alhamisi nyingine. Kila kamgahawa karibu na tulipofikia, ukitamka nyama wanakujibu "tsom." Kiamhari sikijui, ila hilo neno halikuhitaji mkalimani, ni saumu hiyohiyo imebadili shati. Siku tatu tukala dengu. Nyekundu, njano, dengu zilizosagwa, dengu zilizobaki nzima. Siku ya tatu kitindamimba, miaka mitano, akaweka kijiko chini akaniuliza: "Baba, huku Yesu hajazaliwa?"

Ndipo nikaenda kumwangukia mama mwenye mgahawa wa pale kona. Mama mtu mzima, kajitanda ule mtandio wao mweupe, uso wa bibi asiyetania. Nikamwomba doro wot. Hiyo ndiyo mboga yao ya sikukuu: kuku wa vipande 12, vitunguu vilivyokaangwa mpaka vimekuwa rojo, pilipili ya berbere, na mayai ya kuchemsha yanaogelea humo. Akaniangalia. Akawaangalia watoto, nami nikawaangalia watoto kwa jicho la kuwaambia wakae kinyonge. Akakubali. Oneni wema huo: mtu amefunga, anakubali kupika chungu ambacho hata kuonja chumvi hawezi.

Ikabaki kupanga muda. Mke wangu alikuwa anatoka darasani saa kumi na moja, nikaona saa moja usiku itatutosha. Kwa Kiingereza changu cha shule saa moja ni "seven," basi nikamwambia "seven." Mama akaitikia "seven." Ili tusije tukapishana akanyoosha vidole saba hewani, akasema kwa lugha yao: "Sebat."

Jamani, nilicheka! Nikawageukia watoto: "Mnasikia? Sebat, saba! Hawa ni ndugu zetu kabisa!" Nami nikanyoosha vidole vyangu saba nikamjibu kwa Kiswahili kilichonyooka: "Saba, Mama. Saba!"

Nani kasema saba? Mimi. Kwa mdomo huuhuu. Wewe uliyeshang'amua, nyamaza, usiwaharibie wenzako.

Siku yenyewe nikawashindisha watoto njaa kwa makusudi. Nikawapeleka makumbusho kumtazama Lucy, mifupa ya yule bibi wa kale wa miaka milioni 3.2, nikawa nawaambia msile ovyo, tumbo liachieni kuku. Saa saba mchana, naikumbuka vizuri maana niliangalia simu, nilikuwa nje ya geti nanyang'anyana biskuti na mtoto wangu wa kati.

Jioni tukapendeza. Kitenge sare, watu watano. Addis iko juu zaidi ya mita 2,300, kwa hiyo tulikuwa tunatetemeka kisare. Tukaingia saa moja kamili. Narudia, kamili. Mtanzania nimewahi mahali mara moja maishani, nimewahi siku hiyo.

Ndani, sakafuni, kulikuwa kumetandazwa majani mabichi kama wanavyofanya siku ya sherehe. Ila hayakuwa mabichi tena, yalikuwa yamelala. Harufu ya kuku hakuna. Wateja kama kumi hivi wanakula zao dengu. Mama yuko kwenye kigoda pembeni ya jiko la kahawa, anatutazama kama unavyomtazama mtu aliyekuja msibani siku ya arobaini akiuliza kaburi liko wapi.

Nikamwonyesha simu huku natabasamu: "Seven!" Hakutabasamu. Akaongea maneno mengi, halafu akaelekeza kidole ukutani.

Pale ukutani kuna saa. Mshale mfupi umesimama kwenye moja.

Na hapa, ndugu zangu, ndipo nilipoingiwa na huruma. Huruma! Nikasema moyoni, masikini mama wa watu, kumbe saa yake imepotea, ndiyo maana hajaanza kupika. Nikamwambia mke wangu, tena kwa sauti, "Betri imekwisha hii." Mke wangu akasema mbona mshale wa sekunde unatembea. Nikamwambia inatembea lakini imechanganyikiwa. Nikavuta kiti.

Hakuna aliyenizuia. Hilo nitawalaumu Wahabeshi mpaka kufa. Watu wazima kumi wanaona mgeni aliyevaa ndege wa njano kifuani anapanda kiti katikati ya chakula chao, wanaangalia tu. Nikaitoa msumarini. Nikaipuliza vumbi. Binti yangu wa darasa la nne akasema, "Baba." Nikamwambia subiri. "Baba, lakini..." Nikamwambia watu wazima wanatengeneza. Nikashika kile kitufe cha nyuma nikaanza kuzungusha. Moja inakuwa mbili. Mbili inakuwa tatu. Nazungusha huku namtikisia Mama kichwa, kama fundi anayemwambia mteja usijali, sikutozi. Nne. Tano. Sita. Saba! Nikaigeuza ukumbi mzima uione, nikainyanyua juu kama kombe.

Kimya. Mzee mmoja alikuwa amefikisha tonge la injera karibu na mdomo, likabakia palepale.

Binti yangu akamalizia sentensi yake. "Baba, sasa hivi si ni saa moja? Mbona ilikuwa inasema saa moja?"

Maisha yangu yote nimetazama mshale kwenye saba nikasema moja. Huyo binti nimemfundisha mwenyewe, kwa machozi yake na yangu: ukiona saba sema moja, ukiona nane sema mbili, usiulize kwa nini. Waethiopia wanahesabu kama sisi, alfajiri mpaka jioni, ila wao wamefanya la maana, wameweka mshale pale mdomo unaposema. Miaka 41 naishi, ndiyo saa ya kwanza nakutana nayo inayoongea Kiswahili. Nimeipandia kiti nikaisahihisha.

Halafu hesabu ikaendelea yenyewe, sikuiomba. Kama moja yao ni moja yetu, basi saba yao... Nikavikumbuka vile vidole. "Saba, Mama. Saba!"

Kijana mmoja anayejua Kiingereza akanieleza taratibu, bila kunionea haya. Kuku alikuwa tayari saa saba mchana. Mama alitandaza majani, akaalika majirani wawili waje wawaone wageni walio na sikukuu yao, akatungoja mpaka saa kumi. Akamaliza kwa kuniomba, tafadhali, saa niirudishe ilivyokuwa.

Mmeshawahi kurudisha saa nyuma kwa saa sita, kwa kile kitufe kidogo, juu ya kiti, watu wanakuangalia? Ni mizunguko sita ya mshale mrefu. Mzunguko wa kwanza mtu akakohoa. Wa pili kiti kikalia. Wa tatu, mke wangu wa ndoa, wa kanisani, mbele ya padri, akatoa simu akapiga picha. Ndiyo hiyo mliyoiona. Alimtumia kaka yake peke yake, anasema. Wa nne kidole kikateleza kwa jasho, nami nilikuwa nasikia baridi dakika tano nyuma. Wa tano na wa sita siwezi kuisimulia.

Kilichofuata kilikwenda haraka. Kuku alishagawiwa majirani Waprotestanti wasiofunga, Krismasi yangu wameila wao, Mungu awabariki. Mama alikuwa amebakiza mayai matatu, moja kwa kila mtoto. Mimi na mke wangu tukaletewa sinia la dengu. Nikaomba radhi kwa lugha zote ninazozijua, ambazo ni mbili. Mama akakunja tonge kubwa kama ngumi akanilisha mwenyewe mdomoni, heshima yao hiyo inaitwa gursha na haikataliwi, na pilipili iliyokuwemo nadhani haikuwa bahati mbaya. Kahawa tukanywa vikombe vitatu, cha tatu wanakiita baraka, watoto wakashiba bisi. Kuku nililipa. Alikataa, nikalazimisha.

Asubuhi mama yangu mzazi akapiga simu ya video kutoka Moshi. Nyuma yake naona ndafu, naona ndoo ya mbege, naona shangazi watatu wameketi safu moja kama mahakama.

"Mlikula nini jana?"

"Dengu, Mama."

"Haya. Pasaka mnakuja?"

"Tunakuja, Mama. Jumamosi kuu."

Akanyamaza kidogo, naona tu mabega ya shangazi yameanza kucheza.

"Saa ngapi?"