Camille ni msukule? Msiwacheke wanaosema hivyo

Kuna tamthilia ya Kifaransa inaitwa Les Revenants, kituo cha Canal+ kiliirusha 2012, na japo ni ya zamani hapa Mtwara imetembea kwenye flashi mpaka ubishi wake umeshinda wa Simba na Yanga. Mji wa milimani, juu yake bwawa, waliokufa, akiwemo binti anaitwa Camille, wanarudi makwao hawajazeeka hata siku moja na hawajui kama walikufa. Kama hujaiangalia ishia hapa, naharibu utamu.

Kambi ni mbili. Ya kwanza inasema mji mzima ni toharani, kule Wakatoliki wanasema roho husubiri kusafishwa, wote wameshakufa ila kuna waliojua na ambao hawajajua. Hao ndo wenye bando, wamesoma nadharia za mashabiki wa nje, na wengine wamesoma kwa mapadri kule Ndanda kwa hiyo toharani kwao sio neno geni. Kambi ya pili inasema hao ni misukule, basi, wakishasema hivyo watu wanacheka, eti ushamba wa kusini. Mi nilicheka pia. Halafu nikarudia episodi zote nane za sizoni ya kwanza nikaacha kucheka.

Niwape haki yao watu wa toharani kwanza. Wana karata moja nzito: Julie, yule muuguzi, anaondoka kwa gari usiku na Victor, mtoto mmoja wa waliorudi, wanavuka bwawa, wanaendelea, wanajikuta wamerudi palepale. Mji hautoki. Suala la umeme kukatika kila wafu wakikaribia silihesabu, maana kwa kipimo hicho huku kwetu marehemu wangekuwa wanarudi kila jioni.

Lakini toharani haielezi njaa. Na hapa ndo mnapowaonea hawa wa misukule. Camille kafa kwenye ajali ya basi la shule, miaka minne imepita, pacha wake Léna ana miaka 19 yeye bado ana 15, anaingia nyumbani usiku na kitu cha kwanza hamtafuti mama, anafungua friji. Anakula. Mama yake anashuka anamkuta amesimama jikoni anajitengenezea chakula na anaongea kama katoka matembezi, na yule mama hapigi kelele, anatetemeka kimoyomoyo anamchukulia mwanae vazi la kujifunika kana kwamba ni siku ya kawaida. Nimeirudia hiyo sehemu sijui mara ngapi. Roho iliyoko toharani inasubiri dua na misa, haisubiri mkate. Anayerudi na njaa ni mwili uliowekwa mahali bila kulishwa vizuri, na ukimuuliza bibi yeyote wa Newala msukule analishwa nini atakujibu pumba bila kufikiri. Wale wafu wote wanakula, hawashibi, hawalali. Hilo mtu wa toharani analiruka tu.

La pili, msukule ana mwenyewe. Toharani haina swali la nani kamtoa marehemu, kwa msukule hilo ndo swali la kwanza. Sasa mwangalie Lucy, mhudumu wa baa, baba yake Camille alikuwa anamlipa amletee habari za marehemu (njia anayozipatia siiandiki, wazee wanasoma), anachomwa kisu, anapona kimiujiza, na mwisho wa sizoni ndo yeye anakuja mbele ya kundi la wafu kudai watu wao warudishwe. Anadai kama mtu mwenye mali yake! Ukitoka kwenye simulizi za kwetu unamuona huyu kuanzia mbali, ukitoka kwenye nadharia za toharani unabaki unashangaa.

Simaanishi Fabrice Gobert alipokuwa anaitunga alikuwa anawaza Tandahimba. Hajui. Mambo yake yeye ni bwawa, maji yanapungua bila sababu na chini yake kuna kijiji kilichozama, na bwawa walilopigia picha, la Tignes, kweli lilizamisha kijiji mwaka 1952. Hiyo nayo nadharia nzuri tu, ila hapa kijiweni haina wenyewe.

Kuna dada mmoja alinipinga kwa hoja ambayo sio ya kupuuza: ukilizoesha neno msukule hata kwenye tamthilia, unalisha imani inayoua bibi zetu, angalia Kanda ya Ziwa vikongwe wangapi wamekatwa mapanga kisa macho mekundu ya moshi wa jikoni. Na familia ngapi zimeuza korosho za msimu mzima kumpa mganga arudishe mtoto aliyezikwa. Hapo sina jibu zaidi ya kusema kwamba baba yake Camille kafanya hilohilo Ufaransa, kalipa, na hakuwahi kusikia neno msukule maishani mwake.

Kinachonisumbua mimi ni ulimi. Msukule anakatwa ulimi, kila mtu anajua, na Camille anaongea mpaka anakera, Simon, mfu mwingine, naye anabishana na mchumba wake, ambaye yeye Simon alimuacha kwa kufa siku ya harusi. Nikawatupia hilo wa kambi ya pili nikijua nimewamaliza, wakanyamaza wote, isipokuwa dogo mmoja wa Mikindani ambaye siku zote anakaa nyuma.

"Kaka, Victor je? Episodi za mwanzo ulimsikia anaongea?"