Disketi za steshenari zisitupwe

Wapenzi wa kompyuta za zamani wakikutana, hata hapa Moshi, mazungumzo huenda moja kwa moja kwa Commodore 64 na ZX Spectrum, zote za mwaka 1982. Mashine hizo zinastahili kusifiwa. Ukiwasha mojawapo, skrini inakungoja uandike amri za BASIC, lugha ya kuandikia programu. Hakuna kingine cha kukuchelewesha. Spectrum ilisoma programu kutoka kaseti za kawaida, zile zile za muziki, na mtoto wa Uingereza aliiunganisha na televisheni ya nyumbani kwao akaanza kujifundisha.

Lakini huko si kwetu. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini ili kunusuru fedha za kigeni, na taasisi iliyohitaji kompyuta ililazimika kuombewa kibali. Vituo vya televisheni vya Tanzania Bara vilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Wakati wenzetu wanachezea Spectrum vyumbani mwao, wengi wetu hatukuwa na skrini ya kuiunganishia. Hivyo kumbukumbu tunazozisimulia kwa hamu kubwa, wengi tumeziazima. Zetu wenyewe zipo, nazo ni tamu vilevile, ila hakuna anayezisimulia. Kompyuta yetu ya kwanza ilikuwa steshenari.

Aliyekulia Moshi au Arusha miaka ya tisini anakijua chumba hicho. Nje kuna kibao kilichoandikwa kwa rangi: tunachapa barua, mitihani, katiba za vikundi, kadi za harusi. Viatu unaviacha mlangoni, kwa sababu ya vumbi. Ndani kuna stabilaiza inayolialia umeme ukipanda na kushuka, kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, na printa ya Epson ya utepe yenye karatasi ndefu zilizotobolewa kingoni. Printa ikianza kazi, wote waliomo ndani wananyamaza, maana hata wakisema hawasikilizani.

Shangazi yangu alikuwa mchapaji katika chumba kama hicho, jirani na stendi ya Moshi. Alitumia WordPerfect 5.1, programu ya kuchapia maandishi iliyotoka mwaka 1989. Ukiifungua unaona skrini tupu ya bluu, na chini kulia herufi chache zinazokuambia uko ukurasa wa ngapi na mstari wa ngapi. Basi. Hakuna vitufe vya kubofya, na kipanya kilikaa pembeni bila kazi. Juu ya kibodi aliweka kile kipande cha plastiki chenye maelezo ya rangi nne: nyeusi kwa kitufe peke yake, kijani kwa Shift, bluu kwa Alt, nyekundu kwa Ctrl. F6 kukoza maandishi, F8 kupiga mstari, Shift na F7 kuchapisha. F10, ya kuhifadhi, aliibonyeza kila amalizapo aya, kwa kuwa umeme haukuwa na ahadi.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote ni Alt na F3. Skrini inagawanyika, na sehemu ya chini inakuonyesha alama zote zilizofichika: hapa ukozaji umeanza, hapa umeishia, hapa pembizo limebadilishwa. Barua ikiharibika mpangilio, shangazi alishuka huko chini, akaiona alama iliyokosewa, akaifuta. Hakubahatisha. Mzee wa kutoka Kibosho alikaa kwenye benchi akisubiri barua yake ya shauri la kihamba, shamba la ukoo, akauliza, “Mwanangu, itasomeka vizuri kwa Mkuu wa Wilaya?” Shangazi akajibu bila kuinua macho, “Itasomeka, baba. Ondoa shaka.” Alikuwa na haki ya kujibu hivyo. Programu ile aliijua kwa vidole.

Nashikilia kwamba umahiri wa namna ile ulitokana na programu yenyewe kutulia. Ulichojifunza mwaka huu ulikitumia miaka kumi. Mwaka 2007 Microsoft ilipoondoa menyu za Word zilizozoeleka na kuweka utepe wa vitufe juu ya ukurasa, nimeona wachapaji wazoefu wakirudi kutafuta amri moja moja kama wanafunzi. Siku hizi programu nyingi zinabadilika zenyewe usiku umelala, nyingine unazilipia kila mwezi, na ukiacha kulipa mlango unafungwa. Sioni kwa nini tuyaite hayo yote maendeleo. Mtu aliyetumia miaka kuunoa ujuzi wake anastahili kuachiwa nao.

Ila kinachonikera zaidi kiko kwenye makasha. Kazi za wachapaji wale zilihifadhiwa kwenye disketi, vile visahani bapa vya kuhifadhia mafaili ya kompyuta, na disketi zinakufa. Ile ya inchi tatu na nusu ilibeba megabaiti 1.44 tu, picha moja ya simu ya leo mara nyingi haiingii. Lakini maandishi matupu yanaingia kwa mamia ya kurasa. Humo mna mihtasari ya vyama vya msingi vya kahawa, orodha za michango ya shule, katiba za vikundi vya akina mama, historia za ukoo alizosimulia babu ambaye hayupo tena. Karatasi nyingi zimekwisha kuliwa na mchwa. Disketi nayo ni plastiki laini iliyopakwa unga wa sumaku. Ikikaa penye unyevu inaota ukungu, na ukungu huo unachafua kichwa cha kusomea na kuharibu disketi inayofuata.

Sony iliacha kutengeneza disketi mwaka 2011. Visomeo vya kuchomeka kwenye USB bado vinauzwa, na havihitaji fundi bingwa. Kwanza sogeza kile kijifuniko cha pembeni mpaka tundu liwe wazi, ili kompyuta isiweze kuandika chochote juu yake. Tazama kama kuna madoa chini ya kile kibati kinachoteleza. Yenye madoa iweke kando, asafishe mjuzi. Nakili kila kilichomo kabla ya kufungua hata faili moja. Mafaili ya WordPerfect yanafunguka kwa LibreOffice, programu ya bure, hata yale ya Lotus 1-2-3 yaliyobeba hesabu. Usishtuke ukikuta faili halina kiambishi cha kuonyesha aina yake mwishoni mwa jina, au lina kisichojulikana. Wachapaji wetu waliyapa majina walivyotaka: HARUSI2, BARUA.DC, MTIHANI.

Wenye steshenari za zamani, makatibu wa parokia na usharika, walimu wakuu, na wajukuu mnaosafisha stoo za nyumba za Majengo na Kaloleni: kasha la disketi likionekana, lisiende jalalani pamoja na kibodi mbovu. Anzeni na zile zenye lebo ya kalamu, yenye jina la chama na mwaka, maana mchapaji aliyeandika lebo alikusudia kuirudia. Na kama yeye bado yu hai, mpelekeeni aangalie. Shangazi yangu, ukimwonyesha jina la faili tu, anakuambia barua ilikuwa ya nani na shauri liliishaje.