Kaa Akishajifukia, Mwacheni

Kaa wa kombe, yule mdogo wa ufukweni anayetembea na nyumba ya konokono mgongoni, akishapandishwa mlima wa Kitonga na kufikishwa Iringa au Mbeya, mara nyingi huuawa na mkono wa mtu anayempenda. Anajifukia mchangani ili ajivue gamba. Wiki tatu zinapita kimya, mwenye kaa anaingiwa na wasiwasi, anachukua kijiko na kufukua aone kama bado yu hai. Alikuwa hai. Anakufa kwa sababu ya kufukuliwa.

Tuelewane kwanza kwenye maneno. Kombe ni nyumba ya kuazima, na huhama akipata jingine linalomfaa. Gamba ni lake mwenyewe: ganda gumu la miguu, magando na kichwa, na ganda hilo halikui. Ili mwili uongezeke, lazima alivue lote, pamoja na vifuniko vya macho na vinyweleo vya miguu. Akishatoka, miguu yake ni laini kama ngozi ya mtoto mchanga, haimbebi, na harufu yake inawaita wenzake waje kumla. Ndiyo maana anajificha chini. Siku zinazofuata anakaa gizani akilitafuna lile gamba kuukuu polepole, maana kalisi (kalsiamu) ya kukazia gamba jipya inatoka humo. Anayemfukua wakati huo anachana ngozi ambayo haijakomaa, anambomolea kishimo chake na kumtenga na chakula chake. Kwa maoni yangu, asiyeweza kuvumilia miezi miwili ya kutazama mchanga mtupu asifuge kaa. Afuge kuku.

Dalili huonekana mapema. Anakunywa maji sana, anachimbachimba, anapunguza kutembea, rangi inafifia kama imepakwa majivu, macho yanapata ukungu. Akitoka kidogo ndani ya kombe utaona upande wa kushoto wa tumbo kifuko kilichovimba: hiyo ni akiba ya maji na mafuta. Kama alikatika mguu, kwenye kisiki huota kichipukizi kama utomvu mgumu, na hicho hufunguka kuwa mguu siku ya kujivua gamba. Kaa mdogo wa ukubwa wa punje ya karanga anaweza kumaliza kwa wiki 4 hadi 6. Wa ukubwa wa limau mpe miezi 2, 3, hata zaidi. Andika tarehe aliyozama kwenye kalenda ya ukutani, kisha endelea na shughuli zako.

Sasa tuje kwenye baridi, maana hapa ndipo maelekezo ya watu wa pwani yanapotuangusha. Kaa huyu anataka nyuzi 24 hadi 29 na unyevu wa hewa wa asilimia 75 hadi 85. Dar es Salaam anayapata hayo karibu bure. Mbeya mjini tuko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto la nje hushuka chini ya nyuzi 10, tena kwenye kiangazi chenye hewa kavu. Kaa hana moto wake mwilini. Akipoa, kazi ya kujenga gamba inasimama katikati. Hewa ikikauka, matamvua yake yanakauka nayo na anakosa pumzi huku amezungukwa na hewa.

Kosa la kawaida ni kupima hewa ya juu na kusahau mchanga. Kipima joto kilichoning'inizwa kinaweza kusoma 27 wakati sentimita 10 chini mchanga uko 19, na kaa anayejivua gamba yuko huko chini. Tumia kipimo chenye waya, kile kile cha mashine za kutotolesha vifaranga. Kinasoma joto na unyevu pamoja, na wauza vifaa vya kuku wanavyo. Fukia ncha yake kwenye kona moja na uiache humo. Tangi la kioo anamoishi lisikae juu ya saruji wala vigae. Weka chini yake ubao na boksi jeupe la kubebea samaki lililokatwa bapa, na nyuma na ubavuni vivyo hivyo.

Chanzo cha joto kibandikwe ukuta wa nyuma kwa nje, juu ya usawa wa mchanga. Usikiweke chini ya tangi, kwa sababu kaa akiona joto huchimba kwenda chini akitafuta ubaridi, na huko ndiko anakookwa. Balbu inaweza kusaidia lakini inakausha hewa, kwa hiyo funika robo tatu ya juu kwa kioo na uweke sifongo yenye maji. Umeme ukikatika, jaza maji ya moto kwenye chupa, zizungushie taulo, zipange nje ya tangi bila kugusa kioo, kisha tupia blanketi. Chungu cha mkaa, kama wafanyavyo wengine kwa vifaranga, hapana. Moshi wake usioonekana unaua watu waliolala.

Mchanga wenyewe: sehemu 5 za mchanga kwa sehemu 1 ya usumba wa makumbi ya nazi. Tangi la kitako cha sentimita 60 kwa 30, kina cha sentimita 20, linakula lita 30 za mchanga, yaani ndoo kubwa moja na nusu, na lita 6 za usumba uliolowekwa na kuchambuliwa. Mzigo huo unapita kilo 45, basi meza iwe ya kweli. Mchanga wa Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ni mzuri ukioshwa. Udongo mwekundu wa Iringa usiuguse, unashikana kama tofali na hewa haipiti. Lowesha kwa maji ya chumvi hadi ukifinya konzi lishikamane bila kudondosha tone. Choma kidole: tundu likibaki wazi, shimo la kaa nalo litabaki. Ukinyunyizia kila siku, maji yanatuama chini, mchanga unanuka mayai viza, na aliyefukiwa anaoza akiwa hai.

Chumvi ya dukani ina madini joto, na ya Uvinza hutoka kwenye chemchemi, si baharini. Inayotakiwa ni chumvi ya matangi ya samaki wa baharini, gramu 35 kwa lita, au dumu la maji safi ya bahari lililoletwa na basi. Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, nayo yawepo kwenye bakuli jingine, yaliyochemshwa kuondoa klorini. Usipulize dawa ya mbu chumba hicho. Pareto tunayolima Mufindi na Mbeya inaua wadudu, na kaa ni jamaa yao wa karibu.

Siku utakayokuta mwili juu ya mchanga usiutupe haraka. Gamba lililovuliwa ni jepesi na tupu kama ganda la karanga, na hulingana na kaa mzima hadi macho. Maiti ni nzito, inaning'inia nje ya kombe na inanuka kama usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, waliooza. Kama ni kaa hai aliyejivua juu ya mchanga, usimwinue. Kata chupa ya lita moja na nusu juu na chini, mzungushie, ididimize sentimita 5, mwachie gamba lake na kifuniko chenye sifongo iliyolowa maji ya bahari, kisha funika kwa kitambaa cheusi chenye matundu.

Atakayepanda mwenyewe atatoka usiku, rangi kali, kombe likimbana. Awe ameshawekewa makombe matatu manne yasiyopakwa rangi, yaliyochemshwa, makubwa kidogo kuliko la zamani. Hata ya konokono wakubwa wa Kyela na Tukuyu yanafaa. Maganda ya mayai yaliyosagwa na dagaa wakavu wasio na chumvi viwe karibu. Maji asiogeshwe.