Kishikwambi cha bei ya chini: rafu ya vitabu au pesa iliyopotea?

Kabla ya Sensa ya Agosti 2022, wengi wetu neno kishikwambi, yaani tableti, tulilisikia kwenye redio tu. Makarani wakaja nacho mlangoni, kisha vifaa vilevile vikagawiwa walimu. Hapa Dodoma hata wabunge husomea shughuli za Bunge humo. Sasa swali limeingia majumbani: mzazi mwenye laki na nusu amnunulie mtoto kishikwambi, au pesa hiyo iende kwenye vitabu?

Kaka yangu ni mtu wa vitabu. Anasema kitabu hakiombi chaji, kikianguka hakipasuki, na mtoto akikifungua hakimletei katuni. Ni hoja nzito na sizidharau. Lakini mwaka jana nilimnunulia binti wa dada yetu, anayesoma kidato cha pili kule Mvumi, kishikwambi cha inchi saba, na nimekaa naye vya kutosha kuona faida na hasara zake.

Kilichonisumbua zaidi ni kioo. Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao yenye vitabu vya kiada, na noti za walimu nyingi huzunguka zikiwa PDF za A4. PDF haijipangi upya kufuata kioo kama lifanyavyo faili la EPUB, aina nyingine ya faili la kitabu; ukurasa unabanwa mzimamzima. A4 ina upana wa sentimita 21, na kioo cha inchi saba ukikisimamisha kina kama sentimita 9. Herufi ya pointi 12 inabaki kama pointi 5. Nilimtazama binti akisoma jedwali la Biolojia: anakuza kwa vidole viwili, anasoma nusu mstari, anasukuma pembeni, akirudi mstari umeshampotea. Baada ya dakika kumi alikiweka chini, akaenda kuazima kitabu kwa jirani. Cha inchi kumi kina upana wa sentimita 13 na kitu, herufi ileile inakuwa karibu pointi 8, na hapo mtu anasoma bila kuhangaika. Kwa hiyo anayeniuliza leo namwambia aangalie ukubwa wa kioo kwanza, kabla hajauliza kingine chochote.

Cha pili ni uongo wa namba. Kishikwambi cha kwanza nilinunua duka moja la mjini, boksi likisema GB 128. Nilipofikisha kama GB 12, mafaili mapya yakawa hayafunguki. Programu ilikuwa imechezewa ili itaje nafasi ambayo haimo. Nilipokirudisha nikaonyeshwa bango ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Siku hizi sitoi pesa kabla sijajaza video kubwa kubwa palepale dukani na kufungua ya mwisho.

Jua na joto letu navyo havikisaidii. Saa sita mchana uani, kioo kinakuwa kama cha kujitazamia. Ukikiacha juu ya meza dirishani, chini ya bati, betri inachoka mapema, maana betri za lithiamu haziwezani na joto.

Na bado, kwa kusoma, niko upande wa kishikwambi. Umeme ukikatika saa mbili usiku, kitabu cha kaka kinahitaji taa, wakati kishikwambi kinajimulika chenyewe. Nikienda Mvumi nakuwa nimeshapakua kila kitu mjini: kamusi, hadithi, mitihani iliyopita, na Wikipedia ya Kiswahili yote kupitia Kiwix, programu inayoisoma bila intaneti. Vyote vimekaa kwenye memori kadi moja. Kwa pesa ya kishikwambi kaka angenunua vitabu vichache vizuri, lakini asingenunua rafu nzima.

Kwa burudani hali ni nyingine. Vishikwambi vya RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 2 huganda ukifungua mambo mawili kwa pamoja, spika zake ni nyembamba, na video za mtandaoni zinamaliza bando kabla wiki haijaisha. Video uliyoihifadhi inachezeka vizuri, basi.

Tumegawana kazi: kaka amenunua Hisabati na Biolojia za karatasi, kwa sababu ya majedwali na michoro, mimi naendelea kujaza kadi. Kilichobaki ni laini. Sijaiweka, kwa hofu ileile ya kaka ya katuni. Dada anataka iwekwe, kwa sababu mwalimu hutuma mazoezi kwenye kundi la WhatsApp na simu yake dada huwa nayo sokoni mpaka jioni. Binti anayapata mazoezi wakati wenzake wameshamaliza. Nikienda mwisho wa mwezi nitaiweka, na kifurushi kidogo cha wiki, tuone.