Jicho limerudi: siku niliyompeleka shangazi Taj Mahal

Niseme mapema tu, Januari sio mwezi wa kwenda Agra alfajiri, na jamaa aliyetuuzia ile safari ya "kuiona Taj Mahal jua likichomoza" alikuwa analijua hilo vizuri sana. Kaskazini ya India kuanzia Disemba ukungu unashuka mpaka ndege za Delhi zinaahirishwa na treni zinachelewa masaa na masaa. Sisi watu wa pwani ukungu tunauonaga Lushoto, tena tukienda harusini, tutajuaje.

Tulikuwa Delhi kwa matibabu. Shangazi yangu ni mkunga mstaafu, mtu wa Tanga, jicho la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho na juu yake sukari imelichezea, binti yake aliyeko Muscat akasema mama haendi kubahatisha, akalipia kila kitu, na mimi nikapewa kazi ya kumsindikiza kwa sababu kwa mujibu wa ukoo ndo sina kazi ya maana. Operesheni ikaenda vizuri alhamdulillah. Daktari akatoa bandeji, akampa matone na miwani nyeusi ile kubwa inayofunika mpaka pembeni, akasema ruksa kutembea ila ajikinge na vumbi. Shangazi hapo alisikia "ruksa kutembea" basi, vumbi hakulisikia.

Kizazi chao kile Tanga kimekulia sinema za Kihindi. Shangazi anajua kulia Kihindi, kutongoza Kihindi na kumtisha mtu Kihindi, ila kuomba chumvi hawezi. Akasema hawezi kurudi Tanga akaulizwa Taj Mahal akasema hakuiona. Basi pale Lajpat Nagar kwenye gesti tuliyofikia, ambayo nusu ya wageni ni wagonjwa na nusu wanaowasindikiza, nikaunganishwa na jamaa wa safari. Gari letu peke yetu, dreva, na mwongozaji wa kutupokea Agra. Taj Mahal macheo, chai, Ngome ya Agra, kaburi la Itimad-ud-Daulah ambalo malkia Nur Jahan alimjengea baba yake, na "duka la kazi za mikono muda ukiruhusu". Nyie, muda wa duka huwa unaruhusu siku zote.

Tukatoka usiku wa manane. Kuna barabara kubwa ya Yamuna, ilifunguliwa 2012, kilomita 165 imenyooka, siku za kawaida magari madogo yanaenda 100 ila msimu wa ukungu wanashusha spidi. Sisi hata hiyo iliyoshushwa hatukuifikia. Dreva alikuwa anaendesha kichwa nje ya dirisha anatafuta mstari mweupe, mimi nasoma ayatul kursiy, shangazi nyuma anamhimiza "chalo chalo" kama yuko kwenye pikipiki na mtu wa sinema.

Agra gari la mafuta haliruhusiwi kusogea karibu na Taj kwa sababu ya moshi kuharibu marumaru, unashuka paking unapanda vigari vya betri. Mwongozaji akatupokea pale, kijana mtanashati, mafuta kichwani, amekariri. Tiketi: Mhindi rupia 50, mgeni 1,100, na ukitaka kupanda mpaka kwenye kaburi lenyewe kila mtu anaongeza 200. Shangazi akagoma. Akamwambia karani wa tiketi kwa Kiswahili, polepole ili aelewe, kwamba babu yake Tanga enzi za Mjerumani alikuwa analipwa kwa rupia, kwa hiyo na sisi ni watu wa rupia. Karani akasikiliza mpaka mwisho, akasema 1,300.

Ukaguzi wanaume kwao wanawake kwao, nyuma ya pazia. Vyakula haviruhusiwi, tumbaku hairuhusiwi, kitu chenye ncha hakiruhusiwi. Mimi nikapita dakika moja. Nikasubiri. Nikaanza kusikia sauti ya shangazi ndani ya pazia, "hivyo ni visheti, vi-she-ti, vya njiani!" Mkoba ulikuwa na visheti, chupa ya chai, na kijaluba chake cha tambuu na popoo na chokaa na kile kisu kidogo cha kukatia. Askari wa kike alikifungua kijaluba akanusa akatabasamu, maana tambuu kwao ndo nyumbani, wakaanza na stori kabisa, mmoja kwa Kihindi mmoja kwa Kitanga, nikasema hapa tumepita. Wapi. Kijaluba kikatolewa nje na mwongozaji akatumwa akakihifadhi kwenye makabati. Matone ya jicho ndo yaliruhusiwa.

Sasa sikiliza. Pale kuna lango kuu, la mawe mekundu, kubwa hasa. Unaingia kwenye kiza cha tao lake halafu ukitokeza tu Taj yote inakuwa mbele yako, nyeupe, katikati kabisa, walipanga makusudi iwe vile. Mwongozaji akaongeza mbwembwe zake. Akamwambia shangazi avue miwani, afumbe macho, atamshika mkono mpaka mahali fulani, akimwambia fumbua, afumbue. Nikatazama mbele nikaona weupe mtupu. Hakuna kuba, hakuna mnara, hata ule mfereji wa maji katikati ya bustani unaonekana hatua chache tu unaishia. Nikajua huyu kijana kashazoea kusema haya maneno mwaka mzima hata kuangalia haangalii tena.

"Fumbua mama!"

Shangazi akafumbua. Kimya. Akafumba akafumbua tena. Akaziba jicho la kushoto. Akaziba la kulia.

"Baba," akaniita, ka sauti kadogo sijawahi kukasikia kwake.

"Naam shangazi."

"Limerudi."

"Nini?"

"Jicho. Limerudi. Na hili zima nalo limeingia."

Kabla sijajibu ikatoka ile sauti ya wodini ya kuamrisha watu wasukume. "YARABI NIMEPOFUKA! NIMEPOFUKA JAMANI, NIMEPOFUKA AGRA!"

Watu wote wakageuka, au nadhani waligeuka, sikuwa nawaona. Wakatokeza kwenye ukungu mmoja mmoja, mama mmoja na chupa ya maji, watoto wa shule na sweta zao, askari na bunduki. Na mwongozaji unajua alifanya nini? Kawatuliza watu. Kawaambia huyu mama ameguswa na uzuri wa jengo, wageni wengi hulia hapa. Halafu akaendelea na kazi. Kule juu mnaona kuba, mpaka kileleni mita 73, anasonta kwenye weupe. Minara minne mnaiona imeinama nje kidogo, wamefanya hivyo ili siku ikianguka isiliangukie kaburi. Kushoto msikiti, kulia jengo linalofanana nao, limewekwa kwa ajili ya ulinganifu. Shangazi anafuata kidole, haoni kitu, kilio kinapanda.

Nikamshika mabega nikamwambia shangazi tulia, hata mimi sioni!

Hapo ndo nikaharibu kabisa. "Na wewe? Basi ni hewa ya huku! Tuondoke baba tusije tukafa!"

Ikabidi nimwekee vidole mbele ya uso. Hivi vingapi?

"Vitatu," anajifuta machozi. "Na kucha hujakata."

"Sasa umepofuka vipi?"

Akanyamaza akafikiri. "Taj iko wapi?"

"Mbele."

"Mbele wapi?"

"Huko kwenye weupe."

"Na kiingilio umelipa?"

"1,300 kila mtu."

Akavaa miwani yake taratibu. "Bora ningepofuka."

Tukapiga picha hivyo hivyo maana familia ilikuwa inasubiri. Nikairusha kwenye grupu la ukoo. Majibu yakaja fasta, mmoja anauliza mbona shangazi kasimama mbele ya shuka, mwingine anauliza kwani hamjaruhusiwa hospitali. Binti wa Muscat akapiga video, shangazi akamzungusha simu pande zote, huku mweupe, huku mweupe, mpaka akaambiwa mama ondoa kidole kwenye kamera.

Lakini ngoja niwe mkweli, kwa karibu lile jengo ni habari nyingine. Tulitembea na vile vijifuko vya plastiki unavyovaa juu ya viatu, wanakupa na tiketi, tukapandishwa kwenye jukwaa, na ukuta ukajitokeza tumeufikia kabisa. Marumaru ile ilitolewa Makrana, Rajasthan. Mwongozaji akatoa tochi ndogo akaibandika kwenye ua moja, petali ya akiki nyekundu ikawaka kama kaa la moto, na ua lenyewe sio la kuchorwa, ni vijiwe vilivyochongwa na kupachikwa, kimoja kimoja, unapitisha kucha husikii pa kuungia. Shangazi kaweka lile jicho lake jipya pale pale, inchi moja, anahesabu vipande kwa mdomo. Alikaa hapo mpaka askari akatuomba tusogee.

Na mlangoni kuna maandishi meusi yamezunguka tao lote, ni Yasini. Herufi za juu walizifanya kubwa zaidi ili ukiwa chini uzione zote saizi moja. Shangazi akaanza kusoma kutoka chini kulia, kwa sauti, jicho lake mwenyewe, anapanda nalo anapanda nalo, maandishi yakaingia kwenye ukungu yakapotea, yeye akaendelea kwa kichwa mpaka watu nyuma yetu wakawa wanaitikia amina bila kujua kafika wapi.

Ndani picha marufuku. Makaburi unayoyaona ni ya juu tu, ya kweli yako chini. La Mumtaz, mke wa mfalme Shah Jahan aliyejengewa Taj yenyewe, liko katikati kabisa, la mume lilikuja baadaye likabanwa pembeni, ndo kitu pekee kilichovuruga ule ulinganifu wao. Mwongozaji akatunong'oneza hadithi ya mapenzi, jinsi Mumtaz alivyofariki 1631 Burhanpur akimzaa mtoto wa 14, na mfalme akaanza ujenzi mwaka uliofuata.

"Wa ngapi?" shangazi akauliza.

"Wa 14."

"Na Burhanpur walifuata nini?"

"Mfalme alikuwa vitani, mama. Hawakuwahi kuachana, kila anapokwenda anakwenda naye."

Nikaona mkunga anaamka. "Mimba ya 14 unamburuza mtu vitani? Halafu unaniletea marumaru?" Akamsomea marehemu Fatiha ndefu, ya kwa mtu unayemjua. Mume wake akamsomea fupi. Tukatoka.

Ukungu bado. Kwa hiyo muda ukaruhusu, tukapelekwa duka. Wanakukalisha, chai ya maziwa, mzee anakuonyesha anavyosaga kijiwe kwenye gurudumu la mkono, na kila muuzaji humo babu wa babu yake alijenga Taj Mahal. Inasemekana Shah Jahan alikuwa na mafundi kama 20,000 na mimi naona wote waliacha wajukuu wenye maduka. Nyuma kuna chumba cha giza. Wakazima taa wakawasha swichi, na mezani ikawaka Taj Mahal ya marumaru, ina taa ndani, kuba lipo, minara minne ipo, safi, haina ukungu. Shangazi akasimama mbele yake, akashusha mtandio vizuri, akavua miwani. "Piga hapa. Nikate kiunoni, meza isionekane." Nikapiga. Tukanunua kisahani kimoja kidogo cha kuwekea sabuni, wauzaji wakatusindikiza mlangoni kwa huzuni kubwa.

Mchana tuko Ngome ya Agra, ile aliyoijenga mfalme Akbar kuanzia 1565, mwongozaji anatuonyesha upande wa mnara wa Musamman Burj alikofungiwa Shah Jahan na mwanawe Aurangzeb kuanzia 1658 mpaka akafa 1666, anaitazama Taj kwa mbali kwenye kona ya mto Yamuna. Na pale pale, wallahi, jua likatoka. Ukungu ukanyanyuka kwenye kona ya Yamuna na ile Taj ikakaa, ndogo, nyeupe, yote. Shangazi akapiga vigelegele. Mimi natoa simu, simu imekufa, ile video ya Muscat ilikula betri yote. Yake imejaa, kila tukibonyeza inasema haina nafasi, imejaa picha za ukungu na kadi za "Ijumaa Kareem" za tangu mwaka juzi ambazo haruhusu mtu kuzifuta, eti dhambi. Mwongozaji akasema tunaweza kurudi ila tiketi ni ya kuingia mara moja, tulipe upya.

"Mwenyewe aliyeijenga kaitazama kutoka hapa miaka minane bure," shangazi akasema. "Mimi nilipe mara mbili?" Akavuta kiti cha mlinzi akakaa akaitazama mpaka dreva akaanza kupiga simu.

Usiku gestini nikachaji, shangazi akachagua picha mwenyewe, ile ya chumba cha giza, akairusha kwenye grupu. Mashallah zikamiminika. Shangazi umependeza, taa za usiku nzuri, kumbe na usiku wanafungua. Mpaka binamu yangu mmoja, wale watu wa kukuza picha, akauliza hiki kikaratasi kinachoning'inia kwenye mnara wa kushoto kimeandikwa 18,500 ni cha nini?

Grupu zima kimya. Shangazi akabonyeza kurekodi sauti, hata kukohoa hakukohoa.

"Kiingilio hicho."

Asubuhi binti wa Muscat akatuma hela, kiingilio cha watu wawili. Shangazi akapokea. Mimi nikapewa kisahani.