Ufukwe wetu unatangazwa na wanaouza

Binamu yangu wa Dar es Salaam alinipigia simu, niende Msangamkuu, ng'ambo ya mji wa Mtwara, nikamwangalizie kiwanja. Alikuwa amesikia kipindi redioni, kisha akaona video mtandaoni: Mtwara ndiyo habari ya mjini, ufukwe unakwisha, wenye pesa wanajenga nyumba za mapumziko, asiyenunua sasa atajuta. "Dada, wahi kabla bei haijapanda."

Nikavuka na kivuko asubuhi, maji yamekupwa. Dalali alinipeleka hadi kwenye minazi, akanionyesha bikoni mbili za zege, yaani alama za mipaka ya kiwanja, moja imeng'oka na kulala mchangani. Chini kidogo ulikuwepo mstari wa mwani mkavu, pale maji ya bamvua, bahari inapojaa sana, yanapofika. Kutoka kwenye mstari ule hadi bikoni iliyosimama nilihesabu hatua 22. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Nilipomtajia, dalali akasema, "Hiyo sheria ya mjini, dada yangu."

Nyuma ya minazi alikuwa ameketi mzee aliyeuza shamba lile. Nikamwamkia, tukaongea, nikamtajia bei niliyoambiwa. Alinyamaza kitambo. "Mwanangu, ndiyo wanayouzia hiyo? Mie walinipa ya pikipiki moja."

Hilo ndilo linaloniuma. Kipindi kile kilizungumza na madalali tu. Anayesema soko limechangamka ndiye huyo huyo mwenye viwanja mkononi, na mtangazaji anaitikia. Hakuna aliyeuliza kama kiwanja kimepimwa kisheria, kama mkutano mkuu wa kijiji ulikaa, kama kisima cha pale kinatoa maji baridi au ya chumvi, au bati linakaa miaka mingapi kabla ya kuliwa na kutu. Mtu anayeweka akiba yake ya miaka kumi anastahili kuambiwa hayo.

Sisi wa huku tulishapita njia hii. Mwaka 2012 na 2013, wakati wa gesi, Mtwara iliambiwa itakuwa Dubai. Kodi za nyumba mtaa wa Shangani zilipaa, watu wakauza mikorosho inayozaa ili wengine wachimbe misingi. Bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam likazinduliwa Oktoba 2015, wageni wakapungua, na yapo mapagale ya wakati ule ambayo hadi leo mipapai imeotea vyumbani. Lindi nako, Likong'o, palipopangwa kujengwa mtambo wa kusindika gesi, ilitajwa kwenye kila tangazo la kiwanja. Juni 2022 ukasainiwa mkataba wa awali na kampuni za Equinor na Shell, na mpaka naandika haya mtambo haujajengwa. Wazee wetu nao waliona mpango wa karanga wa Waingereza, na reli ya Nachingwea iliyokuja kung'olewa.

Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoleta mvua, barabara ya Dar es Salaam ilikatika Somanga na sisi wa kusini tukakwama. Habari hiyo ilitangazwa vizuri sana. Sasa anayemuuzia mtu wa Dar nyumba ya kwenda kila mwisho wa mwezi haigusi kabisa, na anayemhoji haikumbuki.

Nataka watu waje. Bahari ya Msimbati na mitaa ya Mikindani ni vitu ninavyojivunia, na mgeni anayejenga kihalali, mbali na maji, kwa bei ambayo mwenye shamba aliielewa, nitampokea kwa karibu zote. Ila waandishi wavuke na kivuko wenyewe, wapite ofisi ya ardhi, kisha wakae na yule mzee.

Jioni nilimpigia binamu, nikamweleza zile hatua 22. Alikaa kimya, halafu akauliza bikoni ya pili iko umbali gani. Nikamwambia ndiyo ile iliyolala mchangani.