Kabla ya pampu za joto, mpeni fundi mizani

Desemba iliyopita, saa nane mchana, nilimkuta fundi juu ya ngazi nyuma ya nyumba moja pale Shangani, Mtwara mjini. Tatizo lilikuwa la kila siku: AC inapuliza upepo lakini haileti ubaridi. Akafungua kizibo cha valvu, akaunga mpira wa geji, akaachia mtungi, kisha akakamata bomba nene kwa kiganja na kusubiri. Bomba lilipoanza kutoa jasho akafunga. "Imeshakubali hiyo," akamwambia mwenye nyumba. Haikufika nusu saa. Mwenye nyumba akalipa, akashukuru, na sishangai wakimuita tena kabla ya Pasaka, kwa sababu gesi ya AC hailiwi kama petroli ya bodaboda. Inazunguka humo humo kwenye mabomba. Ikipungua, ujue imevuja, na pale ilipovujia hakuna aliyepatafuta.

Namkumbuka fundi huyo kila ninaposikia hoja kwamba mafundi wetu wafundishwe pampu za joto, zile mashine za umeme za kupasha nyumba joto, na nyumba zinazoendeshwa kwa umeme bila kula umeme mwingi. Hoja hiyo asili yake ni nchi za baridi. Marekani, katika sheria kubwa ya Agosti 2022, ilitenga dola milioni 200 kwa ajili ya kuwafunza makandarasi wanaofunga mitambo hiyo majumbani. Jimbo la Maine, ambako nyumba nyingi zilikuwa zikipashwa joto kwa mafuta, lilikuwa limelenga kufunga pampu mpya 100,000 hadi mwaka 2025, na likafika huko mwaka 2023. Kwa wenzetu jambo hili lina maana, maana baridi ya huko inaua.

Huku kwetu nani atakayepasha nyumba joto? Labda Newala, kule juu kwenye uwanda wa Makonde, ambako asubuhi za Julai watu hujifunika mashuka mawili. Hata huko, kabla ya kuzungumzia mashine ya kuchemsha maji ya kuoga, zungumzia kwanza maji.

Ila pampu ya joto si mgeni kama jina lake linavyotisha. Ni mashine inayohamisha joto badala ya kulitengeneza, na ndiyo maana uniti moja ya umeme inaweza kuhamisha uniti tatu za joto au zaidi. Friji inafanya hivyo. AC ya Shangani inafanya hivyo, ila yenyewe inalitoa joto ndani na kulitupa nje. Kompresa ni ile ile, mabomba ni yale yale, gesi ni zile zile. Kwa hiyo Mtwara na Lindi tayari zina mafundi wa pampu za joto. Tunawaita mafundi friji.

Wanaotaka mafunzo wana hoja moja ambayo kwangu ni nzito kuliko zote, nayo ni mkono wa fundi. AC za zamani zilitumia gesi ya R22, na fundi wengi walijifunzia hapo, kwa kutazama, chini ya fundi mkubwa. Zilizofuata zikaja na R410A, ambayo presha yake inazidi ile ya R22 kwa zaidi ya nusu. Geji na mipira ya zamani haikutengenezwa kwa ajili hiyo. Tena R410A ni mchanganyiko wa gesi mbili, inatakiwa ijazwe ikiwa kimiminika na kwa kupimwa kwenye mizani. Ukijaza kwa kushika bomba unabahatisha. Sasa zinaingia R32, inayoweza kushika moto, na kwenye friji ndogo kuna gesi za jamii ile ile ya gesi ya kupikia. Fundi aliyezoea kuchomelea bomba huku gesi bado inapumua ana siku zake. Na kilo moja ya R410A ikiachiwa hewani inaongeza joto la dunia sawa na zaidi ya tani mbili za hewa ukaa, kwa hiyo lile "psss" dogo unalolisikia fundi akifungua mpira si dogo hivyo.

Hoja yao ya pili ni bili. Bei ya nyumbani kwa mtumiaji mdogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, ni shilingi 100 kwa uniti. Ukiongeza VAT na tozo za EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) na REA (wakala wa nishati vijijini) inakuwa 122. Akizidi na kuhamishiwa kundi la kawaida, uniti inakuwa shilingi 292, yaani 356 hivi ukiweka makato yote. Chukua familia inayotumia uniti 60: inalipa kama 7,300 kwa mwezi. Ikifunga AC ndogo ya kawaida ya chumba kimoja, inayokula tuseme uniti tano kwa usiku, inafika uniti 210 na bili ya karibu 75,000. Ikifunga ya inveta, ile ambayo kompresa yake hupunguza mwendo chumba kikishapoa, inayokula uniti tatu kwa usiku, inafika 150 na bili ya 53,000 na kitu. Tofauti ni kama 21,000 kila mwezi wa joto. Kama dukani AC ya inveta imeizidi nyingine kwa laki mbili, hela hiyo inarudi ndani ya miezi kumi ya matumizi, ambayo kwa pwani yetu, ukitoa miezi ya kipupwe, ni kama mwaka na ushee.

Lakini ziangalie tena hesabu hizo. Njia zote mbili zimeitoa familia kwenye uniti ya 122. Ubora wa mashine umepunguza maumivu, haujayaondoa, na mwenye nyumba anachokiona kwenye LUKU ni kwamba zamani alikuwa akinunua umeme wa elfu saba. Fundi aliyefundishwa vizuri angemwambia ukweli huu kabla ya kutoboa ukuta. Fundi anayelipwa kwa kufunga AC ana sababu gani ya kuusema?

Hapo ndipo wapinzani wa mafunzo wanapopata pa kusimamia, na siwezi kuwabeza. Nyumba nyingi tunazofungia AC zina bati tupu juu, dari hakuna, au dari ya ubao mwembamba iliyopasuka pembeni. Saa tisa alasiri bati linawaka kama kaango. AC ya BTU 12,000 kwenye chumba cha namna hiyo haipumziki hata kidogo, inveta au si inveta. Nenda Mikindani ukaingie kwenye nyumba za zamani za mawe ya matumbawe, kuta nene, mlango wa mbele na wa nyuma vinatazamana: mchana wa Januari unakaa barazani bila feni. Wazee wale hawakusoma kozi. Dari nzuri, matundu ya kutolea hewa juu ya ukuta na mwembe upande wa magharibi vinaweza kumfanya mtu aishie kwenye feni ya wati 60. Ila hizo ni kazi za seremala na mwashi, na kozi ya mafundi umeme haiwahusu.

Wapinzani wanauliza pia: fundi akishapata cheti, atabaki? Anayejua kufunga mifumo mikubwa ya ubaridi anahitajika Dar es Salaam na Dodoma kuliko Nachingwea. Na Marekani yenyewe imetuonyesha upande wa pili wa shilingi. Nafuu ya kodi ya hadi dola 2,000 kwa mtu anayenunua pampu ya joto imefutwa mwishoni mwa 2025. Fundi kafunzwa, mnunuzi kapunguziwa hamu. Kozi bila wateja huzaa vyeti vya kutundika ukutani.

Kuna na la gesi asilia, ambalo hapa kwetu lina kidonda. Watu wa Mtwara waliingia barabarani mwaka 2013 kupinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Leo gesi ya Mnazi Bay inasafishwa Madimba, na zipo nyumba za Mtwara mjini ambazo TPDC imezifikishia bomba hadi jikoni. Mtu wa nyumba hiyo ukimwambia apike kwa umeme atakutazama mara mbili. Na ana haki: mtambo unaochoma gesi kuzalisha umeme unatoa umeme wa asilimia arobaini hivi ya nguvu ya gesi ile, iliyobaki inapotea kama joto. Aliye na bomba apikie gesi. Lakini bomba halijafika Tandahimba, na kule mshindani wa umeme ni mkaa. Sufuria ya presha ya umeme ya wati 1,000, ikiwaka jumla ya nusu saa kwa maharage, inakula nusu uniti, shilingi 61 kwa mtumiaji mdogo au 178 kwa wa kawaida. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wa 2024 hadi 2034, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa. Sufuria hiyo haihitaji pampu ya joto. Inahitaji soketi iliyofungwa kwa waya wa unene unaostahili, na ethi inayofanya kazi, ule waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja.

Nikisema ethi nataka kusimama kidogo. Sheria inamtaka anayefanya wayaringi awe na leseni ya EWURA. Si siri kwamba nyumba nyingine hufungwa na fundi wa mtaani, kisha fomu hutafutiwa mwenye leseni wa kugonga muhuri. Nondo ya ethi inapigiliwa kwenye mchanga mkavu wa pwani, hakuna anayepima, na maisha yanaendelea mpaka siku friji inapompiga mtoto shoti. Ukiwa na nyumba ya namna hii, kuongeza AC na jiko la umeme ni kuongeza mzigo juu ya punda mgonjwa.

Kwa hiyo niko upande wa mafunzo, ila si ya jina lile. VETA ina vyuo Mtwara na Lindi, na ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Waanze na hao walio juu ya ngazi tayari. Somo liwe gesi, kutafuta mvujo, waya, ethi na dari, na seremala akaribishwe darasani. Kozi ifanyike kati ya Aprili na Agosti, kwa sababu minada ya korosho ikishafunguliwa Oktoba hela inaingia, watu wananunua friji na AC, na hakuna fundi atakayekaa darasani. Atakayefaulu aondoke na haki ya kuazima mizani, pampu ya vakyumu ya kunyonya hewa mabombani kabla ya kujaza gesi, na kipimo cha ethi, maana vifaa hivyo havinunuliki kwa hela ya kujaza gesi AC mbili tatu kwa wiki. Mtihani uwe AC moja inayovuja: itafute, izibe, ivute vakyumu, ijaze kwa gramu.

Na risiti iandikwe gramu hizo. Mteja akiona imeandikwa, mwakani atauliza zimekwenda wapi. Siku ile ya Shangani, fundi alipoondoka nilizunguka nyuma kuangalia kibandiko cha mashine ya nje, kile kinachotaja gesi inayotakiwa. Chumvi ya bahari ilikuwa imekula nusu ya maandishi. Namba ya gramu ilikuwa bado inasomeka.